Kwa Nini Wanne na Si Kumi

Tangu majina yatundikwe kwenye ubao wa msikiti Ijumaa iliyopita, akina mama kadhaa wametufikia, baadhi yao kwa simu na baadhi kwa kumtuma mtoto na kijikaratasi, wakiuliza jambo moja. Ilitangazwa kwamba fungu la sadaka litawasomesha vijana kumi kazi ya kuendesha foklifti. Mbona waliotajwa ni wanne? Mama mmoja alitwambia waziwazi kwamba mwanawe amekwisha kununuliwa viatu vya kazi, na kwamba viatu haviliwi. Wana haki ya kuuliza, na wana haki ya kujibiwa kwa urefu, kwani fedha ni za watu na vijana ni wa watu.

Wengi wetu twaishi kwa kazi ya mashine hii bila ya kuiona. Mchele ulioko jikoni, unga wa mahamri, mafuta ya kupikia, hata vigae vya sakafuni, vikisha kushuka bandarini Kilindini hupitia katika maghala ya Shimanzi, Changamwe na Miritini, na humo ndani anayevinyanyua aghalabu si hamali tena bali ni foklifti, na meno yake mawili ya chuma mbele. Chai inayouzwa katika mnada wa Mombasa, pamoja na ile itokayo Uganda na Rwanda, hupangwa juu ya paleti ikanyanyuliwa vivyo hivyo. Babu zetu waliibeba mizigo hiyo kwa vichwa na migongo, wala hatuwaonei wivu. Kazi ile iliwavunja polepole. Hii ya sasa, ikivunja, huvunja kwa mara moja.

Kamati ilitutuma tukatafute pa kuwapeleka vijana, nasi tukaenda mahala pawili, ambapo hatutapataja majina. Pa kwanza palikuwa na chumba kimoja juu ya duka. Tuliambiwa tulete picha mbili ndogo na nakala ya kitambulisho cha kila kijana, wakae darasani saa tatu, na cheti kitakuwa tayari Jumamosi. Ada ilikuwa ndogo, na fungu letu lingewatosha kumi na chenji ikabaki. Tukauliza foklifti iko wapi. Tukajibiwa kwa upole kabisa kwamba foklifti wataikuta kazini.

Pa pili palikuwa na uwanja wa saruji, mashine mbili, ghala dogo la kufanyia mazoezi, na masomo ya wiki mbili. Ada yake ilitosha watu wanne tu. Hapo kamati ikagawanyika. Mzee mmoja tunayemheshimu alisema, tuwape kumi hiyo karatasi, riziki yatoka kwa Mwenyezi Mungu, nao watajifunza kazini kama walivyojifunza wenzao. Neno hilo si la kupuuzwa. Wako madereva hodari katika mji huu ambao hakuna aliyewafundisha, na kijana aliyekaa barazani miaka mitatu bila ya kazi hana subira ya kusikia habari za wiki mbili. Tuliomba muda wa siku mbili tukakae katika uwanja ule, tuone hizo wiki mbili zina nini ndani yake ambacho hakimo katika saa tatu.

Tulivalishwa koti la kung'aa juu ya kanzu, na kofia ngumu juu ya kofia yetu ya viua, tukapewa kiti nyuma ya mstari wa rangi ya manjano. Wanafunzi walikuwa saba, mmoja wao binti wa miaka 20 na kitu, aliyeuchomeka mtandio wake ndani ya koti ncha zisije zikanaswa. Asubuhi yote ya mwanzo hakuna aliyeigusa mashine. Mwalimu aliwaambia kwamba foklifti inayonyanyua kilo 2,500 yenyewe ina uzito wa kiasi cha tani 4, yaani sawa na magari madogo matatu ya nyumbani, na kwamba uzito huo mwingi umewekwa nyuma kwa makusudi.

Wasomaji wetu wa makamo watakumbuka wachota maji wa zamani na mizegazega yao, mti begani, debe mbele na debe nyuma. Foklifti ni mzegazega huo huo. Bega ni magurudumu ya mbele, debe la mbele ni mzigo, na debe la nyuma ni lile gogo la chuma lililo chini ya mgongo wa dereva. Mchota maji akilisogeza debe la mbele hata shubiri moja kuelekea ncha ya mti, bega humwinamia, ijapokuwa hakuongeza hata kikombe cha maji. Ndiyo maana kwenye mashine kuna kibao kidogo cha chuma kilichoandikwa uwezo wake, na kibao hicho hakisemi kilo 2,500 peke yake. Chasema kilo 2,500 iwapo kitovu cha mzigo kiko milimita 500 kutoka kwenye shina la meno. Paleti yenye kina cha mita moja, ikisukumwa mpaka ndani, kitovu chake huangukia hapo hapo. Lakini mzigo ukiwa mrefu zaidi, au dereva mwenye haraka akiudaka kwa ncha za meno, zile kilo 2,500 si 2,500 tena. Kijana aliyepewa cheti Jumamosi hakisomi kibao hicho. Akiulizwa uwezo wa mashine yake atataja namba moja, na hajui kwamba ametaja nusu ya jibu.

Halafu kuna usukani. Gari hukata kona kwa magurudumu ya mbele. Foklifti hukata kwa ya nyuma, na mkia wake hupepesuka upande wa pili kwa nguvu. Miongoni mwa wale saba alikuwako dereva wa matatu wa miaka mingi, akicheka cheka tangu asubuhi. Alipopewa zamu yake jioni aliziangusha koni zote za upande wa kushoto, moja baada ya moja, huku akitazama mbele kwa makini kabisa. Yule binti, ambaye hakuwahi kuendesha chochote, aligusa koni moja tu. Mwalimu hakushangaa. Alisema ni rahisi kumfundisha asiyejua kuliko kumsahaulisha anayejua.

Tuliyoyaona siku zile ni mengi, nasi hatutayahesabu yote. Mzigo husafirishwa ukiwa chini, kiasi cha sentimita 15 kutoka sakafuni, mlingoti umeegemezwa nyuma, kwa sababu mzigo ulio juu huifanya mashine kuwa kama mtoto aliyebeba mtungi kichwani akikimbia. Mzigo ukimziba dereva macho, huenda kinyumenyume akiangalia anakokwenda. Kwenye mteremko mzigo hutazama upande wa juu wakati wa kupanda na wakati wa kushuka pia, hivyo kushuka nako ni kwa kinyumenyume. Hakuna anayepita chini ya meno yaliyonyanyuliwa. Na hakuna mtu anayesimama juu ya paleti tupu akanyanyuliwa kwenda kubadilisha taa, jambo ambalo sisi wenyewe tumeliona likifanywa katika ghala moja huku watu wakipiga makofi. Lililotushangaza zaidi lilikuwa la kupinduka. Mashine ikianza kulala ubavu, moyo wa kila mwanadamu humwambia aruke. Akiruka, lile paa la chuma lililowekwa kumlinda ndilo humwangukia. Anatakiwa abaki na mkanda wake kiunoni, aushike usukani kwa nguvu, akaze miguu, na ajiegemeze upande ulio kinyume na wa kuangukia. Mwalimu aliwakalisha mmoja mmoja kwenye kiti na mashine imezimwa, akawafanyisha hivyo mara nyingi mpaka wengine wakaona choyo cha muda. Jambo lililo kinyume na moyo halifundishiki kwa kulisikia.

Siku ya pili ilikuwa ya ukaguzi, na ndiyo iliyotupa jibu la kupeleka kwa kamati.

Kila asubuhi, kabla ya foklifti kuanza kazi, dereva huizunguka kwa miguu ikiwa imezimwa. Huangalia sakafu chini yake kwanza, kwani tone la mafuta husema kabla ya mashine haijasema. Huangalia matairi na nati zake. Huinama mbele ya meno na kukitazama kisigino chake, pale chuma kinapojikunja, kwa sababu ufa huanzia hapo, nao huwa mwembamba kama unywele. Meno hulika kwa kuburuzwa sakafuni. Yakisha kulika asilimia 10 ya unene wake, huondolewa kazini, kwani nguvu zilizopotea hapo hukaribia asilimia 20. Minyororo ya mlingoti hutazamwa kama yote miwili imekaza sawa, kama ina kutu au pingili iliyokwama, wala haiguswi kwa vidole. Mipira ya mafuta, mkanda, paa, kizima moto, kibao cha uwezo kama bado chasomeka. Kisha ndipo huiwasha, akajaribu honi, taa, usukani, breki ya mguu na ya mkono, akanyanyua meno matupu mpaka juu na kuyashusha huku akisikiliza. Shughuli nzima haikuzidi dakika kumi. Kila kitu kina mstari wake katika daftari, dereva hutia tiki, na chini huweka sahihi yake na tarehe. Penye kasoro ya breki au usukani au meno, ufunguo hutolewa, mashine hubandikwa karatasi ya kuzuia, na hakuna anayeipanda mpaka fundi amalize.

Daftari kama hilo tuliwahi kuliona kabla ya siku ile, mahali pengine.

Miaka michache iliyopita tulimsalia kijana mmoja wa mtaani, kibarua wa ghala, aliyebanwa baina ya mashine na ukuta ilipokuwa ikirudi nyuma. Breki ya mkono haikushika; wenzake walikuwa wakilijua hilo, na walikuwa wakiweka gogo la mbao chini ya gurudumu. Alifariki siku ya Jumatano. Jamaa zake walipofuatilia haki yake, walionyeshwa daftari la ukaguzi, nao wakatuletea nakala tuwasomee. Mstari wa breki ya mkono ulikuwa na tiki Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Ulikuwa pia na tiki Alkhamisi na Ijumaa, siku ambazo hazijafika. Mtu alikaa mwanzoni mwa wiki na kalamu yake akaikagua wiki nzima kwa pumzi moja. Mjane wake alikuwa na mimba, na eda yake ikaisha kwa kujifungua.

Tulipokuwa vijana tukisoma fiqhi ya Kishafii, katika mlango wa dhamana tulifundishwa kwamba aliye pamoja na mnyama ndiye mwenye kudhamini anachokiharibu mnyama huyo, kwa mguu au kwa mdomo. Tuliona ni masala ya punda na ngamia, ya watu wa kale. Siku ile ya daftari tuliona kwamba mlango huo haujafungwa. Nasi twasema waziwazi, kwa kadiri ya elimu yetu ndogo: kutia sahihi kwamba umeiangalia breki na hukuiangalia ni kutoa ushahidi wa uongo, wala haupungui uzito kwa kuwa umeandikwa katika daftari la ghala na si mbele ya kadhi.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe mafunzo, maelekezo na usimamizi, na yataka mashine za kunyanyulia zikaguliwe kila baada ya muda na mtu aliyeidhinishwa na mkurugenzi wa idara inayohusika. Ukaguzi huo wa mtaalamu hauondoi ule wa kila asubuhi, kama vile kwenda kwa daktari hakumwondolei mtu kuoga. Sheria ya mafao ya majeraha kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yamlazimisha mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima, na imeweka fidia ya mapato ya miezi 96 kwa anayefariki kwa ajali ya kazini. Miezi 96 ni miaka minane. Mtoto yule aliyekuwa tumboni atakapofika miaka minane atakuwa bado hajui kufunga kamba za viatu vya skuli vizuri. Na hata fidia hiyo huchelewa sana pale ambapo marehemu hakuwa na karatasi yoyote, jina lake likiitwa tu langoni kila alfajiri.

Hapa tuna neno na wenye maghala, kwani baadhi yao ni wasomaji wa jarida hili na wengine ni wasaidizi wakubwa wa msikiti wetu, Mwenyezi Mungu awalipe. Tumeona tajiri akifuturisha watu mia tatu katika mwezi wa Ramadhani, naye ana mashine kuukuu ghalani ambayo honi yake imekufa tangu mwaka juzi. Bei ya honi ni ndogo kuliko ya sufuria moja ya pilau. Hatusemi apunguze pilau.

Baada ya darsa ya akina mama, mmoja wao alitungoja nje akatuuliza swali ambalo twaona lawahusu wengi. Mwanawe anaendesha foklifti, amewaambia wakubwa wake kwamba usukani una kasoro, naye akajibiwa kwamba asiyetaka kazi aseme. Je, akikataa kuipanda, hatakuwa ameikosea amana ya mwajiri anayemlipa? Tulimjibu kwamba amana ya mwajiri ni mali yake, na mali yake haihifadhiki kwa kuipindua. Zaidi ya hapo, amana ya wenzake wanaopita mbele ya mashine iko juu ya amana ya mshahara. Sheria tuliyoitaja yamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu amelalamikia hatari, na aliyejiondoa penye hatari kubwa ya wazi halazimishwi kurudi mpaka itengenezwe.

Lakini hatukutaka kumdanganya mama wa watu. Kibarua hafukuzwi, haitwi tu kesho yake. Kwa hivyo tulimshauri kwamba kijana asiseme peke yake, aseme pamoja na wenzake. Asiseme kwa mdomo pekee, aandike kasoro katika daftari na tarehe yake, akapige picha ukurasa ule. Na wakipuuzwa, idara ya usalama na afya kazini ina ofisi hapa Mombasa, na malalamiko hupokelewa. Kisha tukamwomba yeye mwenyewe jambo moja, nalo lilikuwa zito kwake kuliko hayo yote. Kijana akirudi nyumbani na kusema leo nimekataa kuipanda, asimwambie vumilia mwanangu, wenzako wanatafuta. Alinyamaza, akasema kodi ya nyumba ni tarehe 5. Twaijua tarehe 5. Tulimwambia kwamba kijana wake akikosa siku za kazi kwa sababu hiyo, alete habari kwa kamati, na kamati imekubali kutenga kidogo kwa ajili ya haya.

Yako mengine yaliyo mikononi mwa nyumba zaidi kuliko mikononi mwa ghala. Ramadhani, dereva aliyesali tarawehe, akalala saa sita, akaamshwa kula daku saa kumi, akiingia zamu ya mchana ndani ya ghala la mabati anapofika alasiri macho yamefunguka lakini hayaoni. Mwalimu wa uwanja ule ni Mwislamu, na alisema ajali za mwezi huo huziogopa saa za mwisho. Mwenye nyumba awe radhi mume aombe zamu ya asubuhi ijapokuwa malipo yake ni duni; na adhuhuri, akiwa yuko nyumbani, watoto wanyamazishwe alale. Vilevile mtu anapotumia dawa ya mafua yenye kuleta usingizi, ni mkewe au mamake aghalabu ndiye aliyemnunulia. Amkumbushe.

Tuliyarudisha haya yote kwa kamati. Yule mzee aliyetaka kumi alitusikiliza mpaka mwisho, akaomba aonyeshwe ile nakala ya daftari, akaitazama kwa muda mrefu ile tiki ya Ijumaa. Hakusema kwamba tumemshinda. Alisema wanne ni wachache mno na kwamba yeye atatafuta ada ya wa tano kwa marafiki zake. Mpaka tunapoandika ameshapata nusu.

Wanne walichaguliwa kwa kura mbele ya mashahidi, si kwa kujuana, na mmoja wao ni binti; babake amekubali baada ya kwenda kuuona uwanja kwa macho yake. Wataanza Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Majina ya sita waliobaki hayakufutwa. Yako kwa katibu kwa mpangilio ule ule wa kura, na wa mwanzo wao ndiye atakayepewa nafasi ya mzee ikikamilika. Mama wa viatu, mwanao ni wa pili katika orodha hiyo. Viatu hivyo asivivae matembezini, kwani uwanjani hawamruhusu mtu kuingia na soli iliyokwisha.